Jinsi ya kuchora mji chini ya mbalamwezi kwa kumfuata Johan Christian Dahl

Mwaka 1839 mchoraji wa Kinorwe Johan Christian Dahl alichora mji wa Dresden, Ujerumani, ukiwa chini ya mwezi mpevu. Ni picha ya rangi za mafuta kwenye turubai, kimo chake sentimita 78 na upana wake 130, na mpaka leo imetunzwa mjini humohumo, katika jumba la Galerie Neue Meister. Mtazamaji amewekwa ng'ambo ya mto Elbe, anauangalia mji wa kale. Kushoto limeinuka kuba la kanisa la Frauenkirche. Daraja la Augustus linavuka mto kwa matao yake, na nyuma ya daraja inaonekana minara ya kanisa la Kikatoliki na ya kasri la mfalme. Mwezi umo kati ya mawingu, mwanga wake umemwagika mtoni, na kando ya maji kuna watu wadogo wadogo na taa chache zenye rangi ya moto.

Kwa maoni yangu hakuna picha inayofundisha kuchora usiku vizuri kuliko hii. Picha nyingi za mbalamwezi zinazouzwa mitaani na kusambazwa mitandaoni zinaharibika kwa namna mbili: bluu imepakwa kila mahali, na mwezi umefanywa mkubwa kama sinia. Dahl hakufanya hivyo. Karibu turubai yote ameiachia giza, mwanga akautumia kwa ubahili mkubwa, na ndiyo maana kila palipo na mwanga jicho linakwenda. Mwongozo huu unafuata njia hiyo, hatua kwa hatua, kwa mtu aliyekwisha kushika brashi japo kidogo.

Kwanza umjue mwenyewe. Dahl alizaliwa Bergen mwaka 1788, mtoto wa mvuvi. Alisomea sanaa Copenhagen, akafika Dresden mwaka 1818, na huko akafanya urafiki na Caspar David Friedrich, jina kubwa kuliko yote katika uchoraji wa mandhari wa Ulimbwende (Romanticism) wa Kijerumani, mkondo wa sanaa uliotanguliza hisia na maumbile. Kuanzia 1823 familia zao ziliishi nyumba moja kando ya Elbe, kila mmoja ghorofa yake. Wote wawili waliupenda mwezi, lakini kila mmoja kwa namna yake. Friedrich aliwachora watu wawili msituni wametupa mgongo, wameduwaa mbele ya mwezi mwembamba; picha hiyo ya miaka ya 1819 na 1820 ilipitia mikononi mwa Dahl kabla ya kuingia kwenye jumba la sanaa la Dresden mwaka 1840. Kwa Friedrich mwezi ni jambo la kutafakari. Kwa Dahl mwezi umewaka juu ya mji ulio macho, wenye watu na shughuli zao. Tofauti hiyo itaturudia tukifika kwenye taa.

Hatua ya 1: Itazame picha kabla ya kugusa rangi

Wengi wetu tutaiona kwenye simu. Basi ongeza mwanga wa skrini hadi mwisho na uzime taa ya chumbani, la sivyo sehemu za giza zitaonekana kama doa moja jeusi. Kisha chukua uzi, pima sentimita 130 kwa 78, uweke alama ukutani kwa chaki. Ukiona ukubwa huo utaelewa kwa nini watu wa kwenye picha, wanaoonekana kama chembe kwenye simu, ni wa kutosha kabisa kwa aliyesimama mbele ya turubai lenyewe.

Sasa kunja macho, uyafumbe nusu. Vitu vidogo vitapotea na yatabaki mafungu makubwa: mbingu, mji, mto, ukingo wa karibu. Jiulize lipi lina giza zaidi na lipi lina mwanga zaidi, uandike majibu kwenye karatasi. Hesabu pia mahali penye mwanga wa kweli. Utashangaa jinsi palivyo pachache.

Hatua ya 2: Toka nje usiku

Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Picha ya simu haitakusaidia, kwa sababu kamera hulazimisha usiku ufanane na mchana. Macho yako ndiyo chombo, nayo yanahitaji dakika 20 hadi 30 gizani ndipo yazoee. Usiwashe simu katika muda huo. Ukihitaji tochi, ifunge kwa karatasi nyekundu ya plastiki, maana mwanga mwekundu hauharibu sana uoni wa usiku.

Yakishazoea, angalia mambo haya. Rangi zimekaribia kutoweka: kanga nyekundu imekuwa nyeusi, lakini kitu cha buluu au kijani bado kina mwanga kidogo. Mwanasayansi wa Bohemia Jan Purkyně alilieleza jambo hilo mapema katika karne ya 19, wakati uleule wa akina Dahl. Sababu iko jichoni, katika chembe zinazofanya kazi gizani: hizo hazioni wekundu, zinaona zaidi upande wa buluu. Mwanga wa mwezi wenyewe si wa buluu, ni mwanga wa jua ulioakisiwa, na kwa kweli umeegemea kidogo upande wa manjano. Ubuluu tunauona kwa sababu ya macho yetu. Kwa hiyo mchoraji anapopaka buluu usiku, anachora namna binadamu anavyoona, na hiyo ni sababu tosha ya kuitumia kwa kiasi.

Jambo la pili: kitu unachokikazia macho gizani hufifia, na kile cha pembeni huonekana. Katikati ya jicho hakuna chembe za usiku. Ndiyo maana picha nzuri ya usiku haina mistari mikali kila mahali.

Suala la wakati na mahali lina hesabu yake. Mwezi mpevu huchomoza karibu na jua linapozama, na kila siku inayofuata huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo siku moja kabla ya mwezi kupevuka ni siku bora ya kazi: mwezi uko juu tayari, na mwanga wa jioni bado unakuwezesha kuona karatasi yako. Siku moja baada yake, mwezi huchomoza giza likiwa limeingia, na hapo ndipo unapojifunza giza lenyewe.

Simama mahali ambapo mwezi uko mbele yako, nyuma ya mji. Ukiupa mgongo, majengo yataonekana meupe na bapa. Ukiwa mbele, majengo yanakuwa maumbo ya giza na maji yanawaka, na huo ndio mpango wa Dahl. Kwetu karibu na ikweta kuna shida ambayo yeye hakuwa nayo. Dresden iko nyuzi (digrii) 51 kaskazini mwa ikweta, mwezi huko hupanda kwa mshazari. Kwetu hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, na baada ya saa mbili umekwisha kuwa juu mno kwa picha ya mji. Una saa moja na nusu hivi ya kufanya kazi. Halafu, kwa jioni, mji lazima uwe mashariki yako. Aliye Unguja akiitaka Mji Mkongwe mbele ya mwezi unaochomoza, atauona vizuri zaidi akiwa kwenye chombo baharini, magharibi ya mji.

Hatua ya 3: Pima mwezi

Nyoosha mkono mbele. Ngumi yako ina upana wa nyuzi 10 hivi, kidole cha mwisho nyuzi moja, na mwezi ni nusu ya nyuzi. Hata ukichomoza mkubwa machoni, ni nusu ya kidole hicho.

Sasa hesabu mandhari unayotaka kuchora ina upana wa ngumi ngapi. Ikiwa ni tano, hizo ni nyuzi 50. Kwenye turubai la upana wa sentimita 50, mwezi wako utakuwa nusu sentimita tu. Ukitaka kuuongeza kidogo, sawa, wachoraji wengi wameuongeza. Ukipita mara mbili ya kipimo hicho, mji utageuka wa kuchezea watoto.

Hatua ya 4: Mchoro mdogo wa mkaa

Tumia karatasi ya kijivu au ya khaki, mkaa na chaki nyeupe. Mchoro usizidi kiganja. Jiruhusu viwango vinne tu vya mwanga: giza kabisa, giza la kati, giza jepesi, na nyeupe. Kwa kawaida mpangilio ni huu: mwezi ndio mweupe kuliko vyote, na kingo za mawingu yaliyo karibu nao, pamoja na mng'ao wa majini, vinaufuata. Mbingu ni giza jepesi, maji yana giza zaidi kidogo kuliko mbingu, na mji una giza kuliko maji. Ukingo uliosimama wewe ndio wenye giza kuliko yote.

Chora michoro hii kadhaa, ukihamisha mwezi kulia na kushoto. Usiuweke katikati kabisa, wala usiuweke juu ya ncha ya mnara. Ukiona mchoro mmoja unasomeka vizuri kutoka upande wa pili wa chumba, huo ndio wako. Hakuna rangi itakayookoa mchoro usiosomeka kwa mkaa.

Hatua ya 5: Turubai na rangi

Paka turubai zima kahawia nyepesi iliyochanganywa na tapentaini, uisambaze kwa kitambaa, uache ikauke. Ni desturi ya zamani ya studio. Kahawia hiyo itachungulia kati ya rangi baridi na kuupa usiku joto. Ukianzia kwenye turubai jeupe, kila tundu dogo litang'aa kama nyota isiyotakiwa.

Rangi tano zinatosha: bluu ya Prusia, bluu ya altramarini, kahawia iliyokolea ya udongo uliochomwa, manjano ya udongo, na nyeupe. Kwa ajili ya taa ongeza rangi ya chungwa. Nyeusi ya kwenye bomba iache dukani. Weusi wako uchanganye mwenyewe kwa altramarini na kahawia. Ukizidisha buluu unapata giza baridi la mbali, ukizidisha kahawia unapata giza lenye joto la karibu. Kwa weusi huo mmoja unaobadilika unaweza kutenganisha daraja na ukingo bila kutumia mwanga wowote. Bluu ya Prusia ina nguvu sana, chukua kwa ncha ya kisu.

Atakayetumia akriliki ajue kwamba hukauka ikiwa imekolea zaidi kuliko ilivyokuwa mbichi. Changanya giza lako liwe jepesi kidogo kuliko unavyotaka.

Hatua ya 6: Mbingu

Anza karibu na mwezi uende nje. Kuzunguka mwezi weka kijivu chenye manjano kidogo, kisha kijivu cha kawaida, kisha kijivu chenye buluu, hadi kwenye pembe za turubai ambako giza limekolea. Mpito uwe wa taratibu. Brashi pana, laini na kavu ndiyo inayofaa kulainisha mipaka.

Mawingu ndiyo yanayoupa mwezi maisha. Dahl aliyachunguza mawingu maisha yake yote na kuyachora kwa haraka kwenye vipande vidogo vya karatasi, akiyafuata yanavyobadilika. Ukitazama wingu lililo mbele ya mwezi utaona kwamba ukingo wake mwembamba unang'aa, na kiini chake kinene ni cheusi. Wanaoanza huchora kinyume, wanachora wingu jeupe la mchana na kulipaka buluu. Mwezi wenyewe uache kwa sasa, weka alama ndogo tu ya mahali pake.

Hatua ya 7: Mji kama kitu kimoja

Mji mzima upake mara ya kwanza kama umbo moja la giza, bila dirisha wala mlango. Kinachoutambulisha ni mstari wa juu, pale paa na minara inapokutana na mbingu. Chukua muda mrefu hapo. Mtu wa Dresden anaijua Dresden ya Dahl kwa kuba la Frauenkirche hata akiwa hajavaa miwani.

Na umakini huo wa umbo una thamani kuliko tunavyodhani. Daraja alilolichora Dahl halipo tena. Lililopo sasa lilijengwa kati ya 1907 na 1910. Kanisa la Frauenkirche liliporomoka tarehe 15 Februari 1945, baada ya mabomu na moto wa siku zilizotangulia, likabaki kifusi kwa miongo mingi, likawekwa wakfu upya tarehe 30 Oktoba 2005. Kwa muda wote huo picha iliendelea kuonyesha mji ulivyokaa kando ya mto wake. Ukiuchora mji wako, chora mnara wa msikiti uliopo na mnazi uliopo, kwa urefu wake wa kweli. Usibuni.

Baada ya umbo kukauka, ligawe kwa tofauti ndogo sana za giza: majengo ya mbali yawe mepesi na ya buluu kidogo, ya karibu yawe mazito na ya kahawia. Mistari ya mbele ya mwezi iwe mikali. Kadiri unavyokwenda mbali na mwezi iache ilainike na kupotea. Paa moja au mbili zilizolalia upande wa mwezi zinaweza kupata mstari mwembamba wa kijivu. Usiziongeze.

Hatua ya 8: Maji

Hapa ndipo kosa moja linaharibu kazi ya wiki. Njia ya mwanga majini lazima ishuke wima chini ya mwezi, ikija kwa mtazamaji. Haiendi mshazari hata siku moja. Kila wimbi ni kioo kidogo kilichoinama, na ni vile vioo vilivyo kwenye mstari kati yako na mwezi tu vinavyorudisha mwanga kwako. Maji yakitulia njia ni nyembamba. Yakichafuka inapanuka na kukatikakatika.

Paka maji yote giza kwanza, ukivuta brashi kwa ulalo. Taswira za majengo zinazoakisiwa majini zining'inize chini yake, laini kuliko majengo yenyewe. Kisha, rangi ikiwa bado mbichi nusu, weka vijistari vifupi vya kijivu cha manjano kwenye njia ya mwezi: karibu na upeo vibanane na viwe vyembamba, karibu nawe viachane na viwe vinene. Katikati ya kazi hii simama, rudi nyuma hatua nne, utazame. Vijistari vikizidi, maji yanageuka bati.

Hatua ya 9: Taa za watu

Mbalamwezi ni baridi na imeenea kila mahali. Taa ya mtu ni ya moto, ndogo, na ina mwenyewe. Rangi hizi mbili zikikutana picha inapata moyo, na kwangu hapa ndipo Dahl anapompita hata rafiki yake mkubwa. Mwezi wake ungekuwa mzuri bila taa zile, lakini usingekuwa juu ya mji. Ungekuwa juu ya mawe.

Tumia chungwa na manjano ya udongo, nyeupe kidogo sana. Taa yoyote isiwe nyeupe kuliko mwezi. Weka chache, na kabla ya kila moja jiulize nani ameiwasha: mpishi, mvuvi, mgonjwa asiyelala, mlinzi. Taa isiyo na mtu ifute. Zilizo kando ya maji zipe mstari mwembamba wa chungwa unaoshuka majini, nao pia uwe wima. Wenzetu wa leo wana kazi ngumu zaidi, kwa kuwa taa nyingi za barabarani sasa ni nyeupe na baridi na zinashindana na mwezi. Ningezipunguza bila kuona haya na kuacha zile za madirishani na za wauza mishikaki.

Watu nao waje sasa, kwa miguso miwili mitatu ya brashi. Hawahitaji sura. Mkao unatosha: aliyeinama, aliyebeba, waliokaa karibu karibu.

Hatua ya 10: Mwezi, kukausha na kutunza

Mwezi unapakwa mwisho, kwa rangi nzito ya nyeupe yenye tone la manjano, kwa mguso mmoja au miwili. Uinuke kidogo juu ya turubai ili upokee mwanga wa chumbani.

Kwenye rangi za mafuta, kila tabaka liwe na mafuta mengi kuliko lililotangulia, la sivyo la juu litapasuka. Sehemu za giza mara nyingi hufifia zikikauka na kuwa za vumbivumbi. Zipake mafuta ya kitani kidogo mno kwa kitambaa, uyafute yabaki kama ukungu, na giza litarudi. Vitambaa hivyo usivikunjekunje na kuvitupa kwenye kapu, maana mafuta ya kitani hutoa joto yanapokauka na vitambaa vinaweza kuwaka vyenyewe. Vianike vimetandazwa nje, au uviloweke kwenye ndoo ya maji.

Vanishi ya kawaida isubiri miezi sita hadi mwaka. Na unapoitundika picha usiielekeze dirishani: giza lililopakwa vanishi hugeuka kioo, na mtazamaji ataona uso wake mahali pa mji. Itundike kwenye ukuta unaopokea mwanga kutoka pembeni, na taa ikiwepo iwe juu yake, ikielekea chini.